Ofisa Mmoja, Watoto Wengi: Kikundi Kifanye Nini?



Katika mikutano ya vikundi tunayoitembelea, swali moja limekuwa likirudi kila mara. Watu wanauliza: "Tunaambiwa sheria za watoto ni nzuri. Mbona sasa tukienda ofisini hatusaidiki?" Mwingine anasema ofisa wa watoto hapatikani. Mwingine anasema mwalimu wa watoto viziwi aliletwa, kisha akaondolewa, na darasa likafungwa. Wengine wamechoka kabisa, wanasema heri tujifanyie wenyewe.

Katika toleo hili tumeamua kulijibu swali hilo. Jibu letu kwa ufupi ni hili. Ni kweli kwamba watu wa kufanya kazi hii ni wachache. Lakini uchache wao haufuti sheria, na kikundi hakiwezi kukalia kiti cha ofisa. Kile kikundi kinaweza kufanya ni kumfikishia ofisa jambo likiwa limetayarishwa vizuri, na kulifuata lisilale.

KOSA TULILOLIFANYA SISI

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wazee walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijana mdogo, umri wake kama miaka mitano, ambaye alikuwa ameachwa sokoni siku ya soko. Hakuwa anasema. Ilikuwa Ijumaa jioni, ofisi ya watoto imefungwa, na simu ya ofisa haikushika. Tulimpeleka kwa mama mmoja wa kikundi cha kina mama, mtu mwema anayejulikana na kila mtu. Mtoto akala, akaoga, akalala. Hilo la usiku ule halikuwa kosa.

Kosa lilikuja Jumatatu. Hatukwenda kuripoti. Tulisema, ofisa ni mmoja kwa kaunti ndogo nzima, atatuambia njoo kesho, na mtoto anakula vizuri, basi haraka ya nini? Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa miezi minne.

Kumbe huko mbali, kaunti ndogo mbili kutoka kwetu, nyanya yake alikuwa akimtafuta. Mtoto alikuwa amepandishwa matatu na mtu wa ukoo aliyemchoka kwa sababu hasemi. Nyanya alikuwa amepiga ripoti kwa polisi siku ile ile, na nambari ya kitabu cha matukio alikuwa nayo, ameifunga kwenye ncha ya leso. Alipomwona mtoto, mtoto alikuwa ameshamzoea yule mama mwingine, akamshika nguo asitake kuachilia.

Polisi waliuliza: Ni nani aliwaruhusu kukaa na mtoto huyu? Barua iko wapi? Hatukuwa na hata karatasi moja. Yule mama aliyemlisha mtoto wa watu kwa miezi minne aliketishwa kituoni kutwa nzima akihojiwa kama mwizi. Tulimwomba msamaha, na mpaka leo tukikutana naye tunaona haya.

Kama tungeripoti Jumatatu, ripoti yetu na ya nyanya zingeweza kukutana mapema. Hatukuokoa kazi ya ofisa. Tuliiongeza, na mwanamke mzee akakosa usingizi miezi minne.

SHERIA INASEMA NINI?

Hatuna nafasi ya kuandika yote. Haya ndiyo kikundi kinapaswa kuyajua kwanza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kulindwa asiteswe wala kutupwa. Inasema pia kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Kifungu cha 54 kinataja haki za watu wenye ulemavu, pamoja na kusoma na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya Braille.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ampeleke mtoto shuleni. Asipofanya hivyo bila sababu nzuri anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Ulemavu si sababu ya kumficha mtoto nyumbani.

Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001. Chini yake mtoto hahamishwi tu kama mbuzi kutoka boma moja hadi lingine. Anayempata mtoto aliyepotea au aliyetupwa lazima ajulishe polisi au ofisi ya watoto mara moja. Mtoto kukaa na mtu asiye wa jamaa yake, iwe ni ulezi wa kambo au kuasili, kuna njia yake na kuna karatasi zake. Kwenda kwenye makao ya watoto ndiyo njia ya mwisho, baada ya jamaa na familia nyingine kutafutwa.

Jambo hili la makao linatuhusu sana sisi watu wa makanisa. Zamani kikundi kilichoona mayatima kilifikiria kwanza kujenga nyumba na kuweka vitanda. Siku hizi si hivyo. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha kuandikisha makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ukatolewa mpango wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwa hivyo kikundi kikija kwetu na ramani ya nyumba ya mayatima tunakiambia: wekeni ramani, tuzungumze kwanza juu ya shangazi na nyanya za watoto hao.

Na kwa walemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2025.

KWA NINI WATU NI WACHACHE?

Hebu tutazame kazi ya ofisa wa watoto. Asubuhi ana wazazi wawili wanaogombania chakula cha mtoto. Saa nne anatakiwa kortini, na hakimu anangoja ripoti ya ofisa kabla ya kuamua mtoto akae wapi. Ripoti hiyo haiandikwi mezani tu, lazima aende nyumbani kwa mtoto, aongee na majirani, na aone anapolala. Mchana anapigiwa simu kwamba msichana wa darasa la saba anataka kuozwa. Jioni kuna mtoto kituo cha polisi. Tena anatakiwa kukagua makao ya watoto, kuwatembelea waliorudishwa nyumbani, na kuingiza kila jambo kwenye kompyuta ya idara. Ofisi moja tunayoijua ina ofisa na karani wake, basi. Pikipiki ipo, lakini kuna wiki mafuta hakuna.

Ofisa wa namna hiyo akikwambia "njoo kesho", pengine si uvivu. Lakini mtoto naye hawezi kungoja kesho ishirini. Hapo ndipo shida ilipo.

Kwa upande wa elimu maalum, historia yetu ni ndefu. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na shule nyingi zilizofuata zilianzishwa na makanisa. Mwaka 1984 serikali ikaanza vituo vya kupima watoto wenye ulemavu, vile ambavyo wengi huviita EARC. Mwaka 1986 ikaanzishwa KISE, chuo cha elimu maalum kilichoko Kasarani, Nairobi, kufundisha walimu wa kazi hiyo. Sera ya 2018 nayo inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya karibu pamoja na wenzake panapowezekana, asipelekwe mbali kila mara.

Hayo yote ni mazuri. Lakini mwalimu aliyefunzwa elimu maalum ni mwalimu kama wengine. Anaweza kuhamishwa, kupandishwa cheo au kustaafu. Na shule ikikosa mwalimu wa darasa la kawaida lenye watoto sabini, mwalimu mkuu hutazama kile chumba chenye watoto tisa, akamchukua mwalimu wao "kwa muda tu". Muda huo huwa mrefu. Tena kituo cha kupima nacho huendeshwa na walimu wachache wanaozunguka shule nyingi. Mtoto anaweza kupimwa leo, akaandikiwa shule inayomfaa, halafu asipate mtu wa kumtazama tena mwaka mzima.

Wale wanaowaogesha na kuwalisha watoto kwenye mabweni ya shule maalum, mara nyingi huajiriwa na bodi ya shule. Pesa zikichelewa, hao ndio wa kwanza kukosa mshahara, na wakiondoka, mtoto asiyeweza kujivisha nguo ndiye anayeumia.

KIKUNDI KILICHOHESABU

Sasa tuwaeleze habari ya kikundi kimoja cha kina mama katika eneo letu. Jina hatulitaji kwa sababu ya watoto.

Shule moja ya huko ilikuwa na kitengo cha watoto viziwi. Mwalimu wao alihamishwa, na chumba kikawekwa magunia ya mahindi. Wazazi walikwenda shuleni, lakini kila mmoja alikwenda peke yake, siku yake, na kila mmoja alijibiwa: "Tunangoja mwalimu." Wakarudi nyumbani wakangoja. Mihula miwili ikapita.

Katibu wa kikundi, mama mwenye duka, siku moja alichukua daftari ya mkopo wa duka, akageuza upande wa nyuma, akaanza kuandika. Jina la mtoto, umri, kijiji, tarehe aliyopimwa, siku ya mwisho aliyoingia darasani. Wenzake walimcheka kidogo. Lakini baada ya wiki tatu za kutembea nyumba kwa nyumba, walikuwa na watoto 14. Kati ya hao, 9 walikuwa wamepimwa, na 5 hawajawahi kupimwa na mtu yeyote.

Waliandikia bodi ya shule barua moja, si tisa. Bodi ikakaa, ikaandika katika kumbukumbu za mkutano, kisha ikapeleka barua na majina kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, na nakala kwa kituo cha kupima. Na huko ndiko siri ilipofichuka. Katika faili ya ofisi, kitengo kile kilikuwa bado kinaonekana kina mwalimu! Hakuna aliyekuwa anatafuta mwalimu mwingine, kwa maana kwa karatasi hapakuwa na pengo.

Mwalimu alikuja muhula uliofuata, na mahindi yakahamishwa. Ni habari njema, lakini si nzuri yote. Watoto wawili hawakurudi. Mmoja alikuwa amehamia mbali na wazazi wake. Wa pili, msichana wa miaka 13, alikuwa amepelekwa mjini kufanya kazi ya nyumba, kwa sababu ati anakaa bure. Kikundi kiliripoti jambo lake kwa ofisi ya watoto na kinalifuata. Hadi tunapoandika haya, msichana huyo hajarudi darasani.

Mihula mitatu, wasomaji. Kwa mtu mzima hiyo ni miezi michache. Kwa mtoto aliyekuwa anaanza kujifunza kuongea kwa mikono, ni mlango kufungwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5. Wadogo zaidi hawamo katika hesabu hiyo, na wanaofichwa ndani mgeni akija, je? Asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu.

TUBISHE HODI MLANGO UPI?

Vikundi vingi hupoteza siku na nauli kwa kwenda ofisi isiyohusika. Kateni ukurasa huu mwuweke ukutani.

Mtoto amepotea, ametupwa, anapigwa kupita kiasi, anadhulumiwa au anataka kuozwa: nendeni kwa naibu wa chifu, kituo cha polisi au ofisi ya watoto. Simu ya watoto ni 116. Ni ya bure, usiku na mchana.

Mtoto hasikii, haoni vizuri, hasemi, au anachelewa kuelewa: mpelekeni kituo cha kupima cha kaunti ndogo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi atawaelekeza kilipo.

Kitengo hakina mwalimu: anzeni na bodi ya shule, halafu ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Gavana haajiri mwalimu wa shule ya msingi wala wa shule maalum.

Shule ya chekechea au mahali pa kulelea watoto mchana: hapo ndipo serikali ya kaunti inahusika.

Kadi ya mtu mwenye ulemavu: hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani hana cheti: naibu wa chifu ndiye huandikisha kuzaliwa huko. Ikipita miezi 6 inakuwa ni kuandikisha kwa kuchelewa, na karatasi zinaongezeka.

MAMBO SITA YA KIKUNDI

1. Muwe na daftari moja. Iandikwe tarehe, jambo lenyewe, ofisi mliyokwenda, mliyeongea naye, na alisema nini. Daftari ikae kwa mtu mmoja, na isisomwe mkutanoni kwa sauti. Shida ya mtoto si hadithi ya kijiji.

2. Tayarisheni karatasi kabla ya kwenda. Nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi, barua ya chifu, nambari ya ripoti ya polisi kama ipo. Ofisa akipata hivyo vyote mara moja, anaanza kazi siku hiyo hiyo.

3. Nendeni wawili, na mwombe tarehe. Mkiambiwa "tutaangalia", ulizeni kwa heshima: "Turudi lini, mheshimiwa?" Andikeni, na siku hiyo mrudi. Tarehe ikipita mara mbili bila jibu, andikeni barua na mwache nakala kwa ofisi iliyo juu yake. Si vita. Wakati mwingine ofisa mwenyewe hufurahi, kwa sababu barua yenu ndiyo itamsaidia kuomba msaidizi.

4. Msikae na mtoto wa watu bila ofisi kujua. Usiku mmoja wa dharura unaeleweka. Kesho yake asubuhi, ripoti. Sisi tumeshawaonyesha yaliyotupata.

5. Anayewasaidia watoto naye achunguzwe. Mtu kuwa mwema kanisani haitoshi. Anayejitolea kukaa na watoto alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na asibaki peke yake na mtoto chumbani. Wazazi wakichanga pesa za kumlipa msichana wa kusaidia kwenye kitengo, ni vizuri, lakini yeye ni msaidizi, afanye kazi chini ya mwalimu. Kufundisha ni kwa aliyeandikishwa na TSC. Mkimwita mwalimu, mnaipa ofisi sababu ya kusema kitengo kina mwalimu tayari.

6. Huduma ya mtoto hainunuliwi. Kuna vikundi vinavyoombwa mafuta ya pikipiki au "chai". Chai msitoe. Kama kikundi kinataka kusaidia usafiri kwa hiari, jambo hilo lipite wazi ofisini na liandikwe, lisiwe sharti la mtoto kuonwa. Leo mtatoa ninyi wenye merigo nono, kesho mjane asiye na kitu atarudishwa mlangoni.

TUSICHOKE

Hatusemi kwamba daftari itazaa walimu. Kuajiri maofisa na walimu wa kutosha ni kazi ya serikali, na tuendelee kuidai kwa sauti, kwenye barabara za mikutano na barazani, kila wakati bajeti inapojadiliwa. Lakini dai lenye majina 14 na tarehe lina uzito kuliko manung'uniko ya mwaka mzima. Na tukifuata sheria sisi wenyewe, tunakuwa na mdomo wa kuwaambia wengine wafuate.

Yule kijana wa sokoni yuko kwa nyanya yake. Tulimtembelea, na safari hii tulipitia ofisini kwanza tukabeba barua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wenye ulemavu? Wangapi wako shuleni? Tunajuaje?

2. Je, kuna mtoto anayekaa kwa mmoja wetu bila karatasi yoyote? Tufanye nini wiki hii?

3. Ofisi ya watoto, kituo cha kupima na ofisi ya TSC za kaunti yetu ndogo ziko wapi? Ni nani amewahi kufika?

4. Ni nani atashika daftari, na nani atamsaidia?

Mkishajadili, tuandikieni mlichoamua. Tutachapa barua chache katika toleo lijalo, bila kutaja jina la mtoto yeyote.